Shombo kagoma kula: nimrudishie samaki wake?

Mama Shombo wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema paka wako ana miaka minne, amekulia kwa vibua na dagaa, na jina lenyewe alilipata kwa harufu ya mdomo wake. Mpwa wako alipokuja likizo akakwambia samaki ni sumu kwa paka, unamuua taratibu. Ukashtuka, ukanunua mfuko wa chakula cha paka cha punje. Shombo akazinusa, akakutazama, akaenda zake. Leo siku ya pili hajatia kitu mdomoni, na wewe umelia. "Nikimpa namuua, nisipompa namtesa."

Mpe samaki, dada yangu. Leo hii. Natumaini hadi unasoma haya huruma imeshakushinda na umempa. Paka hawezi saumu: akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hulijaa ini mpaka likashindwa kazi, na hapo watu humpoteza paka. Na kama hata kibua amekikataa, usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mpwa wako usimnunie, ana nusu ya ukweli. Paka wa nyumbani asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mwindaji wa panya, ndege na mijusi kwenye nchi kavu. Samaki alimjua kupitia sisi binadamu, ila alimpenda zamani sana. Kule Misri, katika kaburi la Nakht lenye umri wa miaka kama 3,400, amechorwa paka chini ya kiti anatafuna samaki. Ulimi wa paka hauonji sukari kabisa, lakini unaijua vizuri ile ladha ya supu iliyokolea, ambayo Wajapani huiita umami. Mwaka 2023 watafiti walieleza kuwa jodari ana mchanganyiko unaoigusa ladha hiyo barabara. Tena kitoto cha paka hujifunza chakula kwa mama yake. Kwa hiyo Shombo hana deko wala jeuri, anafuata ulimi wake na malezi yake.

Wewe umeandika, "Anampenda samaki mno, atamdhuruje?" Hapo tusemezane kidogo. Watoto wetu wanapenda kaimati, lakini hatuwapi asubuhi, mchana na jioni. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 tumboni, paka akaanza kukataa chakula, shingo ikalegea, akapata degedege. Moto hukimaliza kitu hicho. Samaki wa mafuta mengi kila siku, bila vitamini E ya kutosha, humvimbisha mafuta ya chini ya ngozi hadi akilia ukimgusa. Na samaki wakubwa kama papa na jodari hubeba zebaki. Kule Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka walianguka kwa kifafa kabla watu hawajaelewa kuwa bahari yao ina sumu. Vibua vyako, kwa udogo wao, ni afadhali.

Lililonitia hofu kuliko yote umelipitia haraka katika barua yako: kwamba Shombo hupata "masalio ya mchuzi". Mchuzi wetu una vitunguu maji na vitunguu saumu, na hivyo viwili huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimeiva. Mchuzi uishie sahani ya watu. Dagaa wa chumvi pia, hapana.

Fanya hivi. Chemsha kibua kwa maji matupu, kichambue miiba yote, kisha zinyunyizie punje nyama yake kidogo na yale maji ya kuchemshia yakiwa vuguvugu. Usiyamwage: yana harufu anayoitaka, yana taurini, ambayo paka akiikosa moyo na macho huharibika, na yanamwongezea kinywaji, maana paka si mnywaji. Kila siku ongeza punje, punguza samaki, kwa wiki mbili hivi. Hakikisha mfuko umeandikwa kuwa ni mlo kamili wa paka. Akishazoea, samaki awe wa mara moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine mkatie moyo wa kuku au firigisi kidogo juu ya punje.

Hukumuua mtu, Mama Shombo. Miaka minne ulimpa ulichokuwa nacho, tena kwa mkono wako. Jioni ya leo mwite mpwa wako jikoni, mpe sahani na taa nzuri, achambue miiba yeye.