Mtoto Aliyeondoka Kabla ya Kubatizwa



Mimba inapoharibika, majirani huja siku moja, husema "Mungu atawapa mwingine," kisha kimya. Hakuna matanga. Jumuiya haiji kusali kwa kuwa, eti, hakukuwa na mtoto. Bwana hurudi kazini mjini kesho yake, na mama hubaki nyumbani Kangemi au Kawangware. Kama mimba ilikuwa kubwa, hata maziwa humtoka, wala hakuna wa kuyanyonya.

Kanisa halisemi kwamba hakukuwa na mtoto. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa yampa Askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza, akafa kabla. Katekisimu, namba 1261, yamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu. Wazee wetu walisikia habari za limbo, na akina mama wengine bado wanaiogopa. Hilo halikuwa kamwe fundisho la lazima la imani. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilieleza kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wameokolewa. Basi mwendeeni paroko, mwombe Misa na baraka. Msingoje awatafute, mara nyingi hajaambiwa. Na kama mtoto amezaliwa akiwa hai lakini yu hatarini, yeyote aweza kumbatiza, hata muuguzi, hata baba mwenyewe.

Sasa neno kwa mabwana. Usimwulize mkeo alifanya nini. Mimba nyingi zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro iliyotokea mwanzoni kabisa, mtoto alipoanza kuumbika. Si kwa sababu mama alibeba mtungi wa maji, wala si uchawi wa mama mkwe (maskini mama mkwe, husingiziwa mengi). Nenda naye hospitali. Ulizeni kundi lake la damu: akiwa Rh negativu, muulize daktari kuhusu sindano ya anti-D, ambayo hutakiwa kudungwa kabla ya saa 72 kupita. Akirudi nyumbani akapata homa, akatokwa na damu nyingi au uchafu unaonuka, ni hospitali usiku huo huo, si duka la dawa asubuhi.

Halafu ongeeni. Wapo mabwana wanaodhani kunyamaza ni kumhurumia mke, naye huona ameachwa peke yake na msiba. Mpeni mtoto jina, mlitaje mnaposali. Akina mama wengine hupata nafuu wakizungumza na wenzao. Shirika la Still A Mum lilianzishwa hapa Nairobi na Wanjiru Kihusa, aliyepitia msiba huo mwenyewe.

Tarehe aliyotazamiwa kuzaliwa itafika. Mama ataikumbuka bila kuambiwa. Bwana, iandike nawe kwenye kalenda, na siku hiyo urudi nyumbani mapema.