SOMO LA BIOLOJIA: Orkide iliyokataa kuchanua

Wandugu wanafunzi, miaka mitatu tulikuwa na orkide moja mu barza ya shule. Tuliitoa ku muti ulioangushwa na wachomaji wa makala. Jina lake la kisayansi ni Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui. Lakini sisi tuliona majani tu, ua hata moja hapana. Juu ya nini? Tulichunguza, tukapata makosa yetu matatu.

1. Udongo. Mu pori orkide hii inaishi juu ya matawi. Hainyonyi muti, muti ni kiti chake tu. Mizizi yake inataka hewa. Sisi tuliizika mu udongo, ikaanza kuoza. Tuliihamisha mu vipande vya makala na maganda ya muti.

2. Kivuli. Majani yalikuwa ya kijani nzito sana: ni alama ya kukosa mwangaza. Tuliisogeza kwenye jua la asubuhi.

3. Maji. Tulikuwa tunaimwangia kila siku, hata kiangazi. Kumbe kiangazi ndio wakati wake wa kupumzika. Bila kupumzika haitoe maua. Tulipunguza maji.

Mwezi wa 9 kikonyo kimoja kilitokea ku ncha ya shina. Kilasi nzima tulikimbia kuangalia.

Maulizo:
a) Sababu gani mizizi ya orkide inaoza mu udongo?
b) Kitu gani wewe uliharibu kwa kukitunza mno?