Kanisa la Waitalia kwenye Mteremko wa Mai Mahiu

Msafiri wa Lubumbashi anayetua Nairobi na kuelekea Narok asipite Mai Mahiu bila kusimama. Barabara huteremka ukuta wa Bonde la Ufa, na kabla ya kufika mjini, kando kabisa ya lami, utaona kanisa dogo la mawe. Watu kumi na wawili hivi wakiingia, limejaa.

Walilijenga mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942. Waliletwa Kenya baada ya jeshi lao kushindwa Ethiopia mwaka 1941, na katika ushindi huo Wakongomani wana fungu lao: Julai mwaka huo Jenerali wa Kiitalia Pietro Gazzera alijisalimisha Saïo, Ethiopia, mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji. Waingereza waliwatumia mateka kutengeneza barabara hii, nao wakajijengea pa kusali. Vita vilipokwisha walirudishwa kwao. Basi usilitazame kanisa peke yake. Kila kona uliyopinda ukishuka ni jasho la watu hao hao, na kwangu mimi barabara ni nusu ya pili ya kumbukumbu yao.

Ukipanda matatu ya Mai Mahiu au Narok, mwambie kondakta mapema akushushe kwenye kanisa la Waitalia, maana gari likishika mteremko si rahisi kusimama. Malori ni mengi. Tena Kenya magari hupita kushoto, si kulia kama kwetu: kabla ya kuvuka, tazama kulia kwanza. Dola zinazonunua mkate Lubumbashi huku hazitakufaa njiani, kwa hiyo zibadilishe ziwe shilingi Nairobi. Asubuhi juu ya ukingo huwa baridi na mara nyingine ukungu; chukua sweta. Hili ni kanisa la Kikatoliki, si sanamu ya barabarani: ukimkuta mtu anasali, kamera ingoje.

Mateka wa Kiitalia wasiojaliwa kurudi kwao wako Nyeri, katika kanisa jingine kubwa zaidi, ambalo ndani ya kuta zake imehifadhiwa mifupa ya wanajeshi zaidi ya 600. Yumo pia kamanda wao, Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefia utekani Nairobi Machi 1942 na kutaka azikwe pamoja na askari wake. Nyeri iko kaskazini mwa Nairobi, njia tofauti kabisa. Itengee siku yake.