Mdogo Wangu, Usiiache Kemia Kidato cha Tatu

Wadogo zangu wa Tarime na Serengeti, wengi wenu mnaniuliza, "Dada, hivi kung'oa meno nako kunasomewa?" Kunasomewa, tena kwa miaka. Kung'oa ni sehemu ndogo tu ya kazi ya kutibu meno.

Angalieni hapa kwetu. Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa yenye maji ya floraidi nyingi. Kuna watoto wanachekwa shuleni kwa meno ya kahawia, wanaambiwa hawapigi mswaki. Aliyesomea kazi hii anajua rangi ile iliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, na kulisugua kwa mchanga au mkaa ni kulimaliza bure. Anajua pia kwamba yale yanayoitwa "meno ya nailoni", ambayo watu huchanja ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ili wayatoe, ni meno ya kawaida ambayo hayajaota. Mtoto anaachiwa jeraha, na ugonjwa wenyewe unabaki bila tiba.

Sasa, njia za kuisomea kazi hii ziko mbili.

Ya kwanza ni stashahada ya utabibu wa meno, miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Unahitaji ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ukiacha ya dini, na ndani yake lazima ziwemo kemia, baiolojia na fizikia. Tabibu wa meno anang'oa, anaziba, anasafisha meno, na kinachomzidi anakipa rufaa. Msimdharau; kwa wagonjwa wengi wa wilayani, huyu ndiye wa kwanza kuwapokea.

Ya pili ni shahada ya udaktari wa meno. Muhimbili wanaifundisha tangu 1979, nayo ni miaka mitano baada ya kidato cha sita, kwa waliosoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Utasoma mwili mzima kwanza, maana mgonjwa wa jino anaweza kuwa na kisukari au presha, na ganzi anayochomwa inahitaji mtu anayejua mishipa inapita wapi. Kisha unafanya utarajali mwaka mmoja hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linakusajili kwa ukamilifu. Hapo ni daktari wa meno kamili. Ukitaka ubingwa, kama upasuaji wa kinywa na taya, unaongeza miaka mingine ya masomo.

Aliyeanza na stashahada naye hajafungiwa: akiwa na alama nzuri anaweza kuomba shahada.

Ninachowasihi ni hiki. Safari hii watu wengi huipoteza kidato cha tatu, mtu anapoiacha fizikia au kemia kwa sababu rafiki zake wameziacha, au kwa sababu ameambiwa msichana haziwezi. Msichana anaziweza, nami nalisema hili kwa moyo wangu wote. Kama shuleni kwenu mwalimu wa fizikia hayupo, undeni kikundi, ombeni madaftari ya waliowatangulia, muulizeni mwalimu wa shule jirani.

Likizo ikifika, nenda hospitali ya wilaya, Tarime mjini au Mugumu, uombe kuzungumza na mhudumu wa meno. Muulize alisoma wapi na siku yake ya kazi ikoje. Na kabla mzazi hajauza ng'ombe kulipia ada ya chuo chochote cha stashahada, hakikisheni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) linakitambua chuo hicho pamoja na kozi yenyewe. Ng'ombe akishauzwa harudi zizini, na kwa cheti kisichotambuliwa husajiliwi popote.