Mshahara Uliozuiwa na Siku za Kudai Haki

Kishapu ni wilaya ya watu wanaofuata kazi mahali ilipo. Wapo wanaoajiriwa kwenye viwanda vya kuchambua pamba msimu unapofika, wapo wanaokwenda Maganzo na Mwadui kwenye almasi, na wapo vijana wengi wa Mhunze na vijiji jirani wanaofunga mizigo kuelekea Kahama na Geita kwenye dhahabu. Wengine ni walinzi, wahudumu wa maduka, madereva na wasaidizi wa kazi za nyumbani. Kazi zao ni tofauti, lakini lalamiko ni moja: kazi imefanyika, mwezi umekwisha, na mwajiri anasema, “Subiri kidogo.”

Somo hili linaeleza namna mfanyakazi wa sekta binafsi anavyoweza kudai mshahara wake kwa njia ya sheria, bila ugomvi na bila kupoteza haki yake kwa kuchelewa. Watumishi wa umma wana utaratibu wao wa malalamiko, nao hauzungumziwi hapa.

Mshahara si hisani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi siku ya malipo waliyokubaliana, na ampe maelezo ya maandishi yanayoonyesha jinsi malipo hayo yalivyokokotolewa. Biashara kudorora, mteja kuchelewa kulipa au mwamba kukosa dhahabu si sababu za kumnyima mshahara mtu aliyekwisha kutoa jasho lake.

Makato nayo yana mipaka. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa hasira au kwa kukisia. Makato hufanyika pale tu yanapotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, ama pale mfanyakazi mwenyewe alipokubali kwa maandishi kukatwa deni. Ikiwa mfanyakazi anadaiwa kuharibu au kupoteza mali ya kazini, ni lazima iwe hasara hiyo ilitokea kazini na kwa kosa lake, mwajiri aandike sababu na kiasi cha deni, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujibu. Hata hapo, makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Kwa mfano, anayelipwa shilingi 240,000 kwa mwezi hawezi kukatwa zaidi ya shilingi 60,000 kwa mwezi huo. Deni la pampu la shilingi 180,000 litalipwa kwa miezi mitatu. Halitamalizwa kwa kuuzuia mshahara wote.

“Mimi sina mkataba”

Wengi hukata tamaa kwa sababu hawakuandikiana chochote na mwajiri. Hofu hiyo inawanufaisha wasiolipa. Wajibu wa kuandika na kutunza masharti ya kazi ni wa mwajiri. Shauri linapofika mbele ya chombo cha haki naye akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inakwenda mbali zaidi. Inaeleza dalili ambazo hata moja ikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa ni mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama makubaliano yao yameitwa jina jingine. Miongoni mwake ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Jambo hili lina uzito mkubwa machimboni. Anayeingia duarani kwa makubaliano ya kugawana mifuko ya mawe na mwenye duara anaweza kweli kuwa mbia. Lakini anayepangiwa zamu kwenye karasha, akapewa nyundo na kofia, na akaahidiwa kiasi maalumu kila mwezi, hawi mbia kwa sababu tu bosi amemwita hivyo siku ya malipo.

Mali bila daftari

Katika zama za ukoloni, wanaume wengi wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30, ndipo wakalipwa. Mfumo huo ulikuwa mgumu na ulimpendelea mwenye shamba. Hata hivyo, umeacha funzo moja: siku ya kazi isiyoandikwa ni rahisi kukanwa.

Leo mfanyakazi anaweza kujiandikia kipande chake mwenyewe. Daftari la shilingi mia chache linatosha. Aandike tarehe aliyoanza kazi, jina la anayempa maagizo, kiasi walichokubaliana, siku alizofanya kazi na fedha alizokwisha kupokea. Atunze ujumbe wa malipo ya simu, ujumbe wa maandishi wa mwajiri, kitambulisho cha kazi na picha za orodha ya zamu. Ajue pia majina ya wenzake walio tayari kutoa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara ni mali.

Hatua za kufuata

Kwanza, mfanyakazi adai kwa maandishi. Barua fupi yenye adabu inatosha: itaje miezi inayodaiwa, jumla ya fedha, na siku ambayo jibu linatarajiwa. Abaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Mwajiri akikataa kupokea, ujumbe wa simu wenye maneno hayohayo utunzwe.

Pili, kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, amwone kiongozi wa tawi. Asiye na chama anaweza kumwona Afisa Kazi, ambaye kisheria ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri atekeleze sheria. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nao huweza kusaidia kueleza haki na kuandaa maelezo.

Tatu, malipo yasipopatikana, shauri lipelekwe katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mdai hujaza fomu ya kuwasilisha mgogoro, humpa mwajiri nakala, kisha huiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe, au kuwakilishwa na chama chake, wakili au mwakilishi aliyemchagua.

Shauri hufunguliwa katika ofisi ya Tume inayohudumia eneo ambako mgogoro ulitokea. Mkazi wa Mhunze aliyenyimwa mshahara Geita anapaswa kudai upande wa Geita. Wengi hurudi nyumbani kwanza wakidhani watadai kutoka Shinyanga, na siku zinawaishia njiani.

Siku 60, siku 30

Kwa kanuni za Tume za mwaka 2007, madai ya mshahara huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu.

Mfano wa kubuni utaonyesha hatari iliyopo. Mlinzi alipaswa kulipwa tarehe 31 Machi. Hakulipwa. Mwajiri aliomba wiki mbili, kisha akaomba mwezi, kisha akasafiri. Mlinzi, kwa uungwana, alingoja. Siku zake 60 zilikwisha tarehe 30 Mei, na alipokwenda Tume mwezi Julai hakuanza kuulizwa juu ya mshahara. Aliulizwa kwa nini amechelewa. Tume inaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu za msingi, lakini ni lazima aombe na athibitishe sababu hizo. Ahadi ni deni, ila haisimamishi kalenda. Mazungumzo na mwajiri, au barua iliyopelekwa kwa Mtendaji wa Kata, havizuii siku kuhesabiwa.

Kinachotokea mbele ya Tume

Shauri huanza kwa usuluhishi, unaotarajiwa kumalizika ndani ya siku 30 isipokuwa pande zote zikikubali kuongeza muda. Zikipatana, makubaliano huandikwa na huwa na nguvu ya kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuamua lalamiko bila yeye. Mdai naye asipofika, lalamiko lake laweza kufutwa. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika na tuzo huomba marejeo Mahakama Kuu ndani ya wiki sita.

Mambo ya kuepuka

Mfanyakazi asichukue mashine, mawe au bidhaa za mwajiri kufidia mshahara, kwa maana mdai anaweza kugeuka mtuhumiwa. Asitie sahihi karatasi inayosema amelipwa yote ilhali amepokea nusu. Akipokea nusu, aandike kwamba ni nusu. Wala asiogope kwamba kudai kutamfukuzisha, kwani kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali.

Mshahara unaozuiwa mjini Geita huonekana Mhunze: katika ada isiyolipwa, katika dawa isiyonunuliwa na katika debe la mahindi linalokopwa kwa jirani. Kwa hiyo kila anayeondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi na aondoke na daftari, na siku ya malipo ikipita bila malipo, aanze kuhesabu siku zake kuanzia hapo.