SOMO LA VIKUNDI: Dhahabu ya Simu na Afya ya Wachimbaji



Kabla ya kuanza somo, tafuteni simu moja iliyoharibika, muipitishe kwa kila mtu. Ndani yake mna dhahabu kidogo sana, kama miligramu 30, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Ni kweli dhahabu nyingi huenda kwenye mapambo na akiba za benki. Isiyofika sehemu moja ya kumi ndiyo huingia kwenye simu na kompyuta. Lakini ikishayeyushwa pamoja, nani atajua ipi ilitoka wapi? Yaweza kuwa ya Nyatike.

Na Nyatike si mbali. Kutoka hapa Rodi Kopany unashika njia ya Ndhiwa hadi Karungu, na Macalder iko mbele kidogo. Mgodi mkubwa wa huko ulifungwa 1966, ila watu hawakuacha kuchimba. Vijana wetu huenda, na akina mama huponda mawe na kuosha mchanga.

Mchanga ulioshwa kwenye karai huchanganywa na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa kama fedha. Zebaki hushikana na dhahabu, donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa hadi zebaki iruke. Huko kuruka ndiko kubaya. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, basi mtu hudhani hakuna kitu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, mtu husahau ovyo, hukasirika bila sababu. Mama akiwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Ile inayomwagika mtoni hugeuka sumu inayokaa ndani ya samaki. Samaki wa namna hiyo waliwadhuru watu wa Minamata, Japani, miaka ya 1950, na mkataba wa kupunguza zebaki, ambao Kenya ilitia sahihi 2013, una jina la mji huo.

Wapo wanaochomea jikoni, ugali ukiwa mekoni na watoto wamekaa pale pale. Jamani, hilo likome kwanza, hata kama mengine yatachelewa.

Kikundi chaweza kuchanga na kumwomba fundi wa kuchomelea atengeneze chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana na bomba linaloinama. Bomba lifungwe kitambaa kibichi, na mdomo wake ufike juu tu ya maji. Ukizama, chungu kikipoa kitayavuta maji ndani. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa nyuma yenu, wala msifungue kabla hakijapoa. Zebaki hurudi kwenye maji, mkaitumia tena. Chombo hicho kisipikiwe chakula kamwe.

Sasa juu ya bei. Broka hutoa zebaki bure, au pesa ya posho, halafu dhahabu lazima auziwe yeye, kwa mzani wake. Huo ni mkopo, tusidanganyane. Mkiwa na mzani wenu na daftari la katibu (tarehe, uzito, bei, nani alinunua), mna la kusema. Hata mnunuzi wa ng'ambo akiuliza dhahabu ilitoka wapi, daftari litajibu.

Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu raia mtu mzima kuomba kibali cha uchimbaji mdogo, na anaweza kuwa ndani ya chama cha ushirika. Mtoto hana kazi shimoni.

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8, juu ya mtu anayejenga nyumba na ukingo wa dari, halafu Yakobo 5:4, juu ya ujira. Kisha jadilianeni:

Ni nani katika kikundi chetu ana mtu wake machimboni, na huchomea wapi?

Shimo lililoachwa wazi ni la nani kulizungushia ua?

Mwekahazina aseme: tukichanga kila mkutano, chungu na mzani tutavipata lini?