Mipira Pacha ya Gari ya Chama



Msimu uliopita mlilalamika, na haki mlikuwa nayo, kwamba gari ya chama ililala njiani na karafuu mbichi zikalala nayo. Karafuu iliyochumwa ikabaki ndani ya gunia bila kuanikwa hupata moto, na ikikauka huwa nyeupe na nyepesi, na bei yake huanguka. Basi ni wajibu wetu kueleza kosa lilitoka wapi, kwani lilikuwa letu.

Mpira mmoja wa nyuma ulikatwa na jiwe. Tukanunua mmoja mpya, tukaufunga ubavuni mwa mwenziwe ambao ulikwisha kuwa kipara. Tulidhani tumeweka akiba. Baada ya wiki chache ule mpya ndio uliopasuka, mlimani, gari imejaa.

Sababu ni hii. Magurudumu mawili ya upande mmoja nyuma yamefungwa pamoja, huzunguka kama moja. Mpya una kimo zaidi, kwa hiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa wote wawili, na kipara hugusa chini kidogo tu. Tena, ikiwa vipenyo vimepishana milimita 25 katika gurudumu la mita 1, basi kwa kila kilomita ule mdogo huburuzwa mita 25 hivi. Aliyewahi kuburuza jamvi juu ya mawe anajua linavyokuwa.

Sasa tunafanya hivi. Kabla ya kuoanisha mipira tunaijaza upepo sawasawa, kisha tunauzungushia kila mmoja kamba na kupima. Kamba zikipishana kwa sentimita 2 au zaidi, hatuifungi pamoja. Zikipishana kidogo, ule mkubwa hukaa nje, kwa kuwa barabara nyingi zimeinuka katikati. Mipira mipya huenda mbele, miwili kwa pamoja, na ile iliyotoka mbele hurudi nyuma ikiwa pacha. Mpira uliowahi kukatwa na kutiwa kiraka haurudi mbele kamwe, maana wa mbele ukipasuka usukani humponyoka dereva. Na uliokatwa hata nyuzi zikaonekana hauna mahali katika gari; ufanyeni makubadhi.

Jambo moja tunaliomba kuliko yote. Magurudumu yenye pete ya chuma ya kufungia mpira si ya kuchezea. Kabla ya kulegeza nati hata moja, toeni upepo wote wa mipira yote miwili kwa kutoa sindano ya valvu. Pete ikifyatuka huua mtu. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, na mwenye pampu asimame mbali kando. Tulimkuta utingo akiipiga pete nyundo huku upepo unaingia. Tulimfukuza pale pale, na hatukujali kama alikasirika.

Nati hukazwa kwa kukingama, si kwa kufuatana, na hukazwa tena baada ya kilomita 80 hivi. Kwa sisi wa Pemba, safari moja ya Mkoani hadi Konde na kurudi yatosha.

Daftari la mipira liko ofisini. Kila mpira una namba yake, tarehe, na mahali ulipofungwa. Madereva waje kulitia saini kabla uchumaji haujaanza.